Ndege ya Abiria: Ubia au Kujitegemea?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi mwaka wa tatu, Dar es Salaam. Darasani tuna mdahalo: nchi inayotaka kuunda ndege ya abiria iungane na wengine au ijitegemee? Upande wetu umepewa ubia, na silaha yetu ni Airbus ya Ulaya. Wenzetu wanasema Wachina wamerusha ndege yao ya abiria, C919, wenyewe, na ubia ni kelele tupu. Lakini Wajapani nao walikwenda wenyewe wakashindwa. Nani yuko sahihi? Na nikitaka mada hii iwe mradi wangu wa mwisho, nichukue mfano gani?"

Marahaba, binti yangu. Wapinzani wako watakuja na "manahodha wengi chombo huenda mrama", nanyi mtajibu "kidole kimoja hakivunji chawa", ukumbi utapiga makofi, na mtarudi nyumbani kama mlivyokuja. Nimekaa kwenye karakana za ndege miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha, na ninachokiamini ni hiki: idadi ya nchi haina uzito mnaoipa. Uliza nani ana neno la mwisho juu ya ndege nzima, na nani anaumia mfukoni ndege isipouzwa. Anayejitegemea naye huulizwa hayohayo mawili.

Ushahidi wangu wa kwanza ni ndege mbili zilizolelewa Toulouse, Ufaransa, miaka ileile, na kwa sehemu kubwa na watu walewale: Concorde, ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, na Airbus A300. Zote ni za ubia. Moja ilibaki pambo, nyingine ikazaa kampuni inayoitoa jasho Boeing. Kama ubia wenyewe ndio dawa au sumu, zingefanana.

Mkataba wa Concorde ulitiwa saini tarehe 29 Novemba 1962 kati ya serikali ya Uingereza na serikali ya Ufaransa. Kila kitu kiligawanywa nusu kwa nusu ili asinung'unike mtu. Viwanda vya kuunganishia vikawa viwili, Filton ya Uingereza na Toulouse, kila kimoja kikitoa ndege kamili. Waingereza wakachora kwa inchi, Wafaransa kwa milimita. Kulikuwa na kifungu cha adhabu kubwa kwa atakayejitoa, na aliyekiomba ni Uingereza, ikihofia kuachwa njiani. Serikali mpya ya Uingereza ya Harold Wilson ilipotaka kuacha mradi mwaka 1964 kwa sababu ya gharama, ikakuta kamba iliyotegewa jirani imeinasa yenyewe.

Kama mashine, Concorde naiheshimu mpaka kesho. Iliruka mara ya kwanza tarehe 2 Machi 1969, ikaanza kubeba abiria tarehe 21 Januari 1976. Ziliundwa 20 tu, na 14 ndizo zilizofanya kazi ya abiria, kwenye mashirika mawili, British Airways na Air France, yaani mashirika ya nchi zilezile zilizoilipia. Nahodha mmoja hakuwepo, na aliyeumia mfukoni alikuwa mlipa kodi, ambaye hakuna aliyemuuliza kama anaitaka.

A300, ubia wa Ufaransa, Ujerumani Magharibi na Uingereza, ilianza na ugonjwa huohuo. Namba 300 ilikuwa idadi ya abiria waliyokubaliana mezani, na injini ilikuwa iundwe upya na Rolls-Royce kwa kuwa Uingereza ilikuwa mbia. Aliyeiokoa ni mhandisi mmoja, Roger Béteille. Alisikiliza wenye mashirika ya ndege wanataka nini, akaona viti 300 vimezidi, na kimyakimya akaipunguza hadi viti 250 hivi, ukubwa unaokubali injini ambayo tayari ilikuwa inapatikana sokoni. Aprili 1969 Uingereza ikajitoa. Ubia mwingi hufia hapo. Lakini kampuni ya Hawker Siddeley, iliyokuwa inabuni mabawa, haikuondoka na serikali yake. Iliweka fedha zake yenyewe, Ujerumani Magharibi ikaongezea, na tarehe 29 Mei Ufaransa na Ujerumani Magharibi zikatia saini mkataba wa kuiunda kwenye maonyesho ya ndege ya Paris.

Tazama kazi ilivyogawanywa. Wafaransa: chumba cha marubani, mifumo ya uongozaji na sehemu ya chini ya katikati ya kiwiliwili. Wajerumani: mbele, nyuma na juu ya kiwiliwili. Hawker Siddeley: mabawa. Fokker ya Uholanzi: sehemu za bawa zinazochezacheza. Wahispania, waliojiunga baadaye: mkia wa mlalo. Kila mmoja alipewa alichokijua, na hakuna kiwanda cha pili cha kuunganishia kilichojengwa ili kumbembeleza mtu. Vipande vyote vilikwenda Toulouse, nyaya na mabomba vikiwa vimeshafungwa ndani, vikibebwa na dege lenye tumbo kubwa liitwalo Super Guppy. Dege hilo lilitokana na Boeing ya zamani, ndiyo maana watani walisema kila Airbus huzaliwa mikononi mwa Boeing.

Kisha jambo ninalolipenda kuliko yote. Béteille, Mfaransa, katika ubia ambao serikali ya Uingereza imeshauacha, akaamua lugha ya kazi iwe Kiingereza na vipimo viwe vya inchi. Kwa nini? Kwa sababu mashirika mengi yaliyotarajiwa kununua yalikuwa na ndege za Kimarekani, na mafundi wao walikuwa na vifaa vya inchi. Asiyewahi kushika spana hataona uzito wa jambo hili. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya milimita 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi bila taabu, ukadhani umeipata. Ukitia nguvu inateleza, inakula kona za nati, na kazi ya dakika mbili inageuka ya saa tatu, huku ofisa wa zamu anakuuliza ndege inatoka lini. Béteille alikuwa anamfikiria fundi wa Miami ambaye hajawahi kumwona. Kwenye Concorde kila upande ulibaki na vipimo vyake kwa sababu ya heshima.

Hata hivyo soko halikuwaonea huruma. A300 ilianza kazi na Air France Mei 1974, kisha ukaja ukame: zaidi ya mwaka mzima bila oda mpya, ndege zimepangwa Toulouse zikiwa na mikia myeupe, hazina mwenyewe. Mwaka 1977 wakampa Frank Borman, mwanaanga wa Apollo 8 aliyekuwa anaongoza shirika la Eastern la Marekani, ndege nne azijaribu miezi sita kwa masharti yanayokaribia bure. Mwaka 1978 Borman akaagiza 23. Hayo hufanywa na mtu anayejua kwamba mkia mweupe ni pesa yake inayopigwa jua.

Sasa nikupunguzie furaha kidogo, maana wapinzani wako wakijiandaa watakuletea A380, dege kubwa kuliko yote la Airbus. Ubia mzuri hauendelei kuwa mzuri wenyewe. Airbus ilikuwa kampuni moja tangu 2001, lakini kiwanda cha Hamburg, Ujerumani, na cha Toulouse walikuwa bado wanachora kwa matoleo mawili tofauti ya programu moja ya kompyuta ya kuchorea, CATIA. A380 ina kama kilomita 530 za nyaya. Fungu la nyaya halipindi kama uzi. Kila fungu lina mpindo wake mdogo kabisa linaoweza kuvumilia, na fungu nene huzunguka kona kwa mbali zaidi kuliko jembamba. Programu ya upande mmoja haikusomana sawasawa na ya upande wa pili katika kukadiria mipindo hiyo. Kwenye kompyuta kila kitu kilikaa. Vipande vilipofika Toulouse, fundi anavuta waya kuelekea kiunganishi, na waya umeishia kabla ya kufika. Ukiunga waya kila mahali, unaongeza uzito na unafungua milango ya hitilafu. Ilibidi kuvua na kuvuta upya, na mamia ya mafundi wa Kijerumani wakahamia Toulouse kufanya kazi hiyo kwa mkono. Ucheleweshaji ulitangazwa mara kwa mara hadi 2006, na ndege ya kwanza ikamfikia Singapore Airlines Oktoba 2007. Mtu wa kuwaambia "kuanzia Jumatatu wote toleo moja" alikosekana, kwa sababu kila kiwanda kilikuwa bado kinajihesabu kama nchi.

Boeing nayo, ambayo wenzako wataitaja kama mfano wa kujitegemea, ilikwenda upande wa pili kwa pupa. Kwenye ndege yake ya 787 iliwaachia wakandarasi hata ubunifu wa vipande vyao. Wajapani walichukua asilimia 35 ya muundo, Mitsubishi ikiunda mabawa. Waitaliano wa Alenia na Wamarekani wa Vought wakagawana sehemu za kiwiliwili. Mpango ulikuwa vipande vifike vimekamilika, viunganishwe kwa siku chache. Tarehe 8 Julai 2007 ndege ikatolewa nje kwa shangwe, ikiwa imeshikiliwa na vifungio vya muda na ndani yake tupu kama banda. Ikaja kuruka tarehe 15 Desemba 2009, na kumfikia mteja wa kwanza, ANA ya Japani, Septemba 2011, zaidi ya miaka mitatu nyuma ya ahadi. Katikati ya hapo Boeing ilinunua kiwanda cha Vought cha South Carolina ili iweze kukisimamia yenyewe. Leo 787 ni ndege nzuri, Kenya Airways na Air Tanzania wanazo. Ila walijifunza kwa bei mbaya kwamba kazi unaweza kumpa mwenzio, lakini kujua kama kazi imefanyika ni juu yako.

Shika hapo kwenye mabawa ya Mitsubishi, maana ndipo kisa cha Japani kinapoanzia. Watu wanaounda bawa la 787, bawa la nyuzi za kaboni, walianzisha mwaka 2008 ndege yao ndogo ya abiria, MRJ, waliyoipa baadaye jina la SpaceJet. Ilikuwa ianze kazi 2013. Iliruka mara ya kwanza tarehe 11 Novemba 2015, na tarehe 7 Februari 2023 ikafutwa bila kumfikia mteja hata mmoja. Pesa ilikuwepo, wahandisi walikuwepo, nidhamu ya Kijapani ndiyo usiseme.

Kilichowashinda ni cheti. Bawa unakabidhiwa na masharti yake: uzito huu, nguvu hii, tarehe hii. Ndege nzima hakuna anayekukabidhi. Lazima uithibitishie mamlaka ya anga, kwa karatasi na kwa majaribio, kwamba kitu kimoja kikiharibika, cha jirani yake hakitafuata. Mwaka 2017 walitangaza kuchelewa tena kwa sababu ilibidi wapange upya vifaa vya elektroniki na nyaya, ili tukio moja kama mlipuko au maji kufurika chini ya sakafu lisizime mifumo yote kwa pamoja. Mhandisi aliyewahi kupeleka ndege mbele ya mamlaka angeliona hilo kwenye mchoro wa kwanza. Japani haikuwa na watu hao. Ndege yake ya abiria ya mwisho, YS-11, iliruka mara ya kwanza 1962, na wazee wake walishastaafu. Juu ya hayo, soko waliloliwinda lilikuwa Marekani, ambako mikataba ya marubani inaweka ukomo wa uzito kwa ndege za ruti ndogo, na MRJ ikauzidi. Ndege unaijua kwa gramu, halafu mkataba wa marubani wa mteja wako ndio unaoikataa!

Kuna kujitegemea kwingine ambako ndege inafaulu na kampuni inakwama. Hiki umekiona kwa macho. Desemba 2016 serikali yetu iliagiza kwa Bombardier ya Canada ndege mbili za CS300. Zilipotua Dar es Salaam, kuanzia Desemba 2018, ziliitwa Airbus A220-300. Bombardier ilikuwa imebuni ndege bora kuliko uwezo wa mfuko wake. Jimbo la Québec liliingiza dola bilioni moja, lakini wanunuzi bado walisitasita, na kwa haki. Shirika linaponunua ndege linanunua pia miaka 25 ya spea, vitabu vya ufundi na mtu wa kupokea simu usiku. Nani anahakikisha Bombardier itakuwepo? Oktoba 2017 Airbus ikakubaliana kuchukua asilimia 50.01 ya mradi bila kutoa hela taslimu, na Bombardier ikajitoa kabisa Februari 2020. Chuma ni kilekile na boliti ni zilezile. Kilichobadilika ni nani atakayepokea simu.

Sasa Wachina. Waambie wapinzani wako wafungue kifuniko cha injini ya C919. Watakuta injini ya LEAP-1C, ya kampuni ya CFM, na CFM ni ubia wa nusu kwa nusu wa General Electric ya Marekani na Snecma ya Ufaransa, ambayo sasa ni Safran, ulioanzishwa 1974. Kwa maoni yangu huu ndio ubia bora kuliko wote katika usafiri wa anga. Nimefungua injini zao za awali, CFM56, na mpaka wenyewe unaonekana: feni ya mbele na tabo ya shinikizo dogo, yaani mapanga ya nyuma yanayoizungusha feni hiyo, ni kazi ya Wafaransa, kiini chenye moto ni cha Wamarekani. Serikali ya Marekani ilikataa kwanza kuruhusu kiini hicho kitoke nje, kwa kuwa kilitokana na injini ya ndege ya kivita, hadi marais Nixon wa Marekani na Pompidou wa Ufaransa walipolizungumza Reykjavik, Iceland, mwaka 1973. Kiini kikaruhusiwa bila siri zake kufunuliwa, na kwa miaka mingi wabia wakauza injini moja huku mmoja haoni ndani ya chumba cha mwenzake. Ubia hauhitaji kupendana.

Kwa hiyo C919, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 5 Mei 2017 na kuanza kubeba abiria tarehe 28 Mei 2023, haikuundwa na mtu mmoja hata kidogo. Hata miguu yake ya kutulia ni ya Liebherr ya Ujerumani. Ila neno la mwisho ni la COMAC, kampuni ya China inayoiunda, na hapo wenzako wana hoja. Udhaifu wake ulionekana 2025, Marekani ilipozuia kwa muda injini kupelekwa China, kisha ikafungua tena. Warusi walishayaonja 2022: ndege yao ya abiria, Superjet, ina injini iliyoundwa kwa ubia na Wafaransa, na vikwazo vilipokuja, huduma ikakatika. Ubia wa Wachina na Warusi wenyewe, ndege kubwa CR929, ulianzishwa rasmi 2017 kwa mbwembwe. C ilikuwa ya China, R ya Urusi. Siku hizi ndege hiyo inaitwa C929.

Kuhusu mradi wako. Airbus usiiguse, kila mwaka wanafunzi watatu wananiletea na wote wananakili vitu vilevile. Chukua Indonesia, nchi iliyojaribu njia zote mbili ikiwa na kiwanda kimoja, Bandung, na kiongozi mmoja, B. J. Habibie, mhandisi aliyesomea na kufanya kazi Ujerumani. Mwaka 1979 kiwanda hicho kiliingia ubia wa nusu kwa nusu na CASA ya Hispania kuunda CN-235, ndege ndogo ya propela: C ni ya CASA, N ya Nurtanio, jina la kiwanda wakati huo. Iliruka Novemba 1983, ikauzwa nchi nyingi, zaidi kwa majeshi kuliko kwa mashirika ya abiria, na Bandung bado wanaiunda.

Kisha Habibie akataka ya peke yao. N-250, abiria 50, uongozaji wa kielektroniki ambao ndege nyingi za ukubwa huo hazikuwa nao. Iliruka tarehe 10 Agosti 1995. Injini zilikuwa za Allison ya Marekani, hilo uliandike mapema ili neno "peke yao" lisikupoteze. Mbia wa kuumia naye mfukoni hakuwepo. Mfuko ulikuwa wa serikali peke yake. Mgogoro wa fedha wa Asia ulipoipiga rupia, Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, likaweka sharti, na Januari 1998 Rais Soeharto akakubali kukata fedha za serikali kwa mradi huo. Miezi minne baadaye Habibie mwenyewe akawa Rais, na hata hapo hakuweza kuirudisha.

Usikimbilie kuandika kwamba ubia ulishinda. Linganisha na CASA, ambayo ilichukua maarifa ya CN-235, ikairefusha ndege, na mwaka 1997 ikarusha C-295 bila Indonesia. Sura yako ngumu itakuwa hiyo: walianza nusu kwa nusu, lakini je, waliondoka na maarifa nusu kwa nusu? Tafuta nani alichora nini kwenye CN-235, na nani alipeleka karatasi mbele ya mamlaka za anga.

N-250 ya kwanza waliipa jina la Gatotkaca, shujaa wa hadithi za Kijava anayeruka angani. Siku hizi imeegeshwa kwenye makumbusho ya jeshi la anga Yogyakarta. Nitumie rasimu ya sura ya kwanza kabla hujaanza ya pili, na michoro iwe na vipimo.